Nani Aliwanyoa Wajapani

Miaka ile ya Mdachi, nyumbani kwangu Arusha kulikuwa na vyungu vya ndani na chungu cha nje. Vya ndani vilikuwa vya mke wangu. Cha nje kilikuwa changu peke yangu, na kilikaa nyuma ya nyumba chini ya migomba, kimefunikwa kwa jiwe zito ili mbwa wasitie pua. Humo nilipika samaki. Mke wangu ni Mwarusha wa Kimandolu, na Mwarusha wa siku zile samaki hamgusi, kwake samaki ni nyoka aliyezoea maji. Aliikubali dini yangu, akaikubali kanzu yangu na kikohozi changu cha alfajiri, lakini siku nilipoleta ng'onda, samaki mkavu, wa kwanza kutoka kwa watu wa msafara alichukua mkeka akatoka nje, akakaa hukohuko mpaka harufu ilipokwisha. Tukapatana. Samaki apikwe nje, aliwe nje, nami nisukutue kinywa kabla sijavuka kizingiti.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilipandishwa bara na mjomba wangu mfanyabiashara, boma la Arusha likiwa bado jipya na kuta zake nyeupe zinaumiza macho. Mjomba aliporudi pwani, mimi nilibaki kwa sababu ya baridi. Watu hucheka nikisema hivyo. Pwani jasho lilikuwa linanidondoka juu ya karatasi na kuniharibia herufi, na huku juu karatasi inakaa kavu na mkono haunati. Kwa mtu anayeishi kwa kalamu hilo si jambo dogo. Niliwaandikia watu barua. Askari walitaka kuwasalimu mama zao, wachuuzi walitaka kuwagombeza wenzao wa Tanga, na wake waliotaka kujua kama bado wana waume walikuwa wengi kuliko hao wote.

Asubuhi nilikaa barazani na ubao wangu magotini. Mlima Meru ukiwa wazi, wino wa masizi ulikauka kabla sijafika mwisho wa mstari. Ukiwa umejifunika mawingu, niliandika barua fupi, nikawaambia wateja kwamba ufupi ndio adabu ya siku hizi. Waliniamini. Adhuhuri nilifunga kazi, nikala alichopika mke wangu, na mara nyingi kilikuwa loshoro, yaani mahindi yaliyochemshwa na ndizi, yakapondwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Mwaka wa kwanza nilikila kwa adabu. Baadaye nikawa nakidai nikikikosa. Mchana uliobaki ulikuwa wa Wajapani.

Mapenzi yangu kwa Wajapani yalianzia dukani. Karibu na boma palikuwa na duka la Mhindi mmoja mwembamba, mpole, mwenye macho mabovu na masikio mazuri. Aliletewa magazeti ya kwao, yakafika yamezeeka na yamelowa, naye aliyasoma mstari kwa mstari na kunitafsiria huku akipima kaniki. Siku aliposoma kwamba Wajapani wamewashinda Warusi, alifunga duka mapema na kutugawia halua wote tuliokuwa barazani. "Mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini, maana mlinzi wa boma alikuwa anaonekana pale pale, "watu wa mashariki wamempiga Mzungu baharini." Mimi Wajapani nilikuwa siwajui hata kwa ndoto. Nikauliza swali lililonijia kwanza: wanakula nini?

"Wali," akasema. "Wali na samaki."

Niliketi juu ya gunia lake la chumvi. Wali na samaki ni nyumbani kwa mama yangu! Miaka mingi nilikuwa nakula samaki wangu nje, peke yangu, nikifukuza kuku kwa mguu, na kumbe mahali fulani upande wa mawio ya jua kuna taifa zima linalokula kama mimi, tena linazamisha manowari. Nilifurahi kupita kiasi. Tangu siku hiyo sikumpa yule Mhindi nafasi ya kupumua.

Alikuwa na kitabu cha lugha yake chenye habari za kale za nchi za mashariki, na sehemu ya Japani ilikuwa nene. Alinisomea kidogo kidogo, siku za wateja wachache. Mimi niliyabeba maneno kichwani mpaka nyumbani, nikayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, ule ambao wateja wa barua hawakuwahi kuuona. Niliandika habari za mfalme aliyekaa nyuma ya pazia, yeye na babu zake, vizazi juu ya vizazi, na jemadari akatawala kwa jina lake. Niliandika jinsi nchi ilivyofungwa, mgeni haingii wala mwenyeji hatoki, mpaka zilipokuja meli nyeusi zinazotoa moshi na kugonga mlango kwa mizinga. Niliandika habari za wapiganaji wao, waliovaa panga mbili kiunoni na kufunga nywele zao fundo juu ya utosi. Mke wangu aliiita Japani mke mwenzake. Nikichelewa dukani, nilimkuta mlangoni, mikono kiunoni. "Umetoka kwa mke mwenzangu? Hakukupa chakula? Basi ngoja mie nikupe, ndiyo kazi yangu."

Alinitania, lakini alisikiliza. Baada ya swala ya alasiri alikaa jikoni akimenya ndizi, nami nilikaa mlangoni pa jiko na kusoma niliyoyaandika. Hakujali majemadari. Alitaka kujua moto wao ni wa kuni gani, na nani anampikia mfalme akiwa nyuma ya pazia, na je, chakula kinapitishwa chini ya pazia au pazia linainuliwa? Kitabu cha Mhindi hakikuwa na habari hizo hata moja. Nilianza kuona kwamba waandishi wa historia wote wameshiba kabla ya kuandika.

Siku nyingine, nikishikwa na mapenzi, nilipika mimi. Mchele ulipanda na misafara na ulikuwa adimu, kwa hiyo siku ya wali ilikuwa kama sikukuu. Nazi hatukuwa nazo, na wali bila nazi kwangu ulikuwa kilio, mpaka nilipojaribu kuupika kwa maziwa mabichi kutoka Kimandolu, moto mdogo, chumvi kidogo, iliki moja iliyopondwa. Ulitoka mzito na mtamu. Mke wangu alikula, akaongeza. Nikamwambia hivi ndivyo wanavyokula Wajapani. Sikuwa na hakika kama wana ng'ombe.

Maziwa yenyewe aliyaleta mama mkwe, na hapa lazima nieleze mpango wa nyumba yangu, maana bila huo habari hii haieleweki. Kwa desturi ya Waarusha mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawaonani uso kwa uso. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, wala hawaitani kwa majina. Wakati wa kuoa nilimpa kondoo, na kuanzia hapo yeye aliniita Paker nami nikamwita Paker, neno linalotokana na kondoo yule. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye shanga nyingi na maneno machache. Aliteremka kutoka Kimandolu, akavuka mto Themi na kibuyu mgongoni, na akifika alikaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo wake ukiwa umeegemea udongo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa udongo huo huo. Kiswahili hakukijua, kwa hiyo mke wangu aliyatafsiri maneno yangu kupitia dirisha dogo la moshi. Ndivyo mama mkwe wangu alivyoijua Japani.

Habari ya wali na samaki ilimchekesha. Alimwambia mke wangu aniambie kwamba mchele ni mayai ya siafu na samaki ni nyoka, na kama watu wanaokula hivyo wamewashinda Wazungu, basi Wazungu wanakula vibaya zaidi.

Na alikuwa na mwana mmoja wa kiume, shemeji yangu, aliyekuwa morani. Wasiowajua morani wa siku zile wamwone kwa macho yangu. Kijana alikuwa mrefu kuliko mlango wangu, amejipaka udongo mwekundu na mafuta, nywele zake ndefu zimesukwa nyembamba nyembamba na kufungwa nyuma, mkuki mkononi. Morani hali chakula mbele ya mwanamke. Hali peke yake wala hali nyumbani, anakula na wenzake wa rika lake, mbali na macho ya mama na dada. Kwa hiyo alipokuja kwangu hakuingia. Alisimama mlango wa mbele, mguu mmoja umekanyaga goti la mwingine, akasikiliza. Mama yuko nyuma ya ukuta, mwana yuko mlangoni, mimi katikati na karatasi zangu. Sikuwahi kuwa na wasikilizaji bora kuliko hao, na nusu yao nilikuwa siwaoni.

Mama mkwe alikuwa na haja moja duniani na aliisema wazi kwa kila mtu. Alitaka kumnyoa mwanawe. Wakati wa rika zima kuacha umorani ukifika, wazee hutaja siku, vijana hukusanyika pamoja, na kila mmoja hunyolewa nywele zake na mama yake mzazi, kwa maji na maziwa. Hapo ndipo anakuwa mtu mzima, mwenye haki ya kuoa na kusema mbele ya watu. Mumewe alikuwa amekufa, mabinti wameolewa, na mwana ni mmoja tu. Alinyoa watoto wa dada zake walipokuwa wadogo ili mkono usisahau. Siku ya rika la mwanawe ilikuwa bado. Wazee hawakuwa wameitaja, na hakuna aliyethubutu kuwaharakisha.

Basi nikafika kwenye sura ya nywele. Kitabu cha Mhindi kilisema kwamba mfalme kijana alitoka nyuma ya pazia, akahama mji wa baba zake, akaamuru nchi ibadilike. Wapiganaji waliambiwa waache panga zao na wakate yale mafundo ya utosini. Wengine walitii haraka. Wengine walilia. Wengine walikataa kabisa wakafa na nywele zao. Niliipenda sura ile, niliitafutia maneno mazuri, nikaisoma kwa sauti niliyoitumia mara chache. Mke wangu alitafsiri dirishani. Nilipomaliza, mlangoni hapakuwa na mtu. Shemeji alikuwa amekwenda zake.

Watu wa Kimandolu walisema baadaye kwamba kitabu changu ndicho kilichomharibu kijana. Huo ni upuuzi, na niliwaambia hivyo. Boma lilikuwa limekwisha kutangaza kwamba linataka vijana wa kuwa askari. Kijana anayeona viatu vya askari vikipita mbele yake kila siku hahitaji Mjapani wa kumshawishi.

Siku chache zikapita. Alasiri moja mke wangu alikuwa amepika machalari, ndizi na nyama na mchuzi mzito, na mvuke umejaa jikoni. Shemeji alikuja. Hakusimama mlangoni. Aliegemeza mkuki nje, akainama, akaingia, akakaa kwenye kigoda changu kando ya moto, akanyoosha mkono akachukua bakuli. Halafu akala. Alikula mbele ya dada yake, taratibu, akitafuna vizuri, kama mtu anayefanya kazi aliyopewa. Mke wangu upawa ulimtoka mkononi. Mimi, mtu wa pwani, nilichukua muda kuelewa nilichokiona, kisha nywele zikanisimama. Morani anayekula mbele ya mwanamke ameshatoka kwa wenzake. Alikuwa ameamua.

"Lini?" dada yake akauliza.

"Mwezi ukiandama. Bomani wananyoa kwanza," akasema, akajigusa kichwa. "Udongo unachafua kofia zao."

Nyuma ya ukuta, mama yake alikuwa amekaa na kibuyu chake. Alisikia yote.

Nilidhani atapiga kelele, au ataingia na desturi ivunjike. Hakufanya hivyo. Aliinuka akaenda zake, nami nilimhurumia. Lilikuwa ni jambo la wazi kabisa. Kwenye boma palikuwa na askari mmoja mwenye mkasi, ndiye kinyozi wa wote, na mkono wake ulizoea kunyoa wafungwa. Mkono huo ungemnyoa kijana, na mama angekuwa amenyang'anywa jambo moja alilolingoja tangu siku alipomzaa. Na yeye mwenyewe hangeweza kumnyoa kabla. Siku haijatajwa, rika halijakusanyika. Mama kumnyoa morani peke yake, ovyo, siku yoyote tu, hakuna aliyewahi kusikia.

Siku ya pili yake alirudi. Nilisikia shanga zake, kisha mgongo wake ukigusa ukuta. Akasema na binti yake kwa muda, na mke wangu akanigeukia. "Mama anasema usome tena pale pa nywele."

Nikasoma tena. Safari hii nilisoma polepole, bila madoido.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. Mke wangu alinitafsiria. "Anauliza, wale Wajapani, nani aliwanyoa?"

Nilitazama karatasi yangu. Niliandika kwamba walikata nywele. Niliandika sababu, na amri, na jina la mji. Nani aliyeshika wembe sikuandika, maana sikusomewa. Nikasema sijui, nitauliza.

Nilikwenda dukani jua likiwa kali, kanzu imenishika mgongoni. Mhindi alivaa miwani yake, akasoma ukurasa ule, akarudi nyuma ukurasa mwingine, akasoma tena akinong'ona. "Hawakusema, Mwalimu. Walinyoa tu." Akafikiri. "Kinyozi, bila shaka. Kila mji una kinyozi." Nikamwambia kuna mama mmoja anataka kujua kwa hakika. Aliniangalia kwa huruma, mtu mwema yule, akapekua mpaka mwisho wa sura, na mwisho akafunga kitabu na kunipa iliki kidogo bure.

Nikarudi na jibu hilo. Haikuandikwa.

Maneno ya mama mkwe yalikuwa machache, na tafsiri ya mke wangu ikawa ndefu, maana alitia na yake ndani yake. "Mama anasema, haikuandikwa kwa sababu walioandika walikuwa wanaume wamekaa barazani. Wangekuja nyuma ya nyumba wangeona. Anasema wapiganaji wale walikuwa na mama. Hakuna mama atakayesikia kwamba mwanawe atanyolewa akakaa kitako. Waliwahi wao. Waliwanyoa wenyewe kabla kinyozi hajafika. Anasema andika hivyo."

"Siwezi kuandika nisichokijua," nikasema. Nilisema kwa ukali kidogo. Kazi hii ina heshima yake, na mtu akianza kuandika yanayompendeza hana budi aache historia akauze maneno ya mapenzi.

Ukutani shanga ziligongana. Kisha sauti yake, fupi.

"Anasema basi usiandike," mke wangu akasema. "Anauliza kama tuna maji."

Tulikuwa na maji. Maziwa alikuja nayo.

Alfajiri iliyofuata alifika na mwanawe. Mimi nilibaki ndani, mlango wa nyuma umefungwa, kwa sababu yeye alikuwa uani na desturi ni desturi. Nilikaa pale pale ninapokaa siku zote, mgongo wangu ukutani, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa msikilizaji. Nilisikia ngozi ya ng'ombe ikitandikwa. Nilisikia kijana akikaa. Nilisikia maji na maziwa yakimiminwa, na mama akisema maneno ya Kimaa ambayo sikuyaelewa, na mke wangu dirishani hakuyatafsiri. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Kisha wembe. Unasikika, kumbe, wembe ukipita juu ya kichwa kilichosukwa miaka. Ulikuwa na sauti kavu, ndogo, yenye subira.

Halafu kijana akaanza kulia. Niliambiwa baadaye kwamba morani wote hulia wakinyolewa, hutetemeka mwili mzima na wenzao huwashika wasianguke. Yeye hakuwa na wenzake. Nilisikia ngozi inasuguana na udongo, miguu inapiga chini, pumzi inakatika, na sauti ya mama haikupanda wala kushuka. Aliendelea kunena na kunyoa. Nami nililia, nasema kweli, nikiwa nimekumbatia ubao wangu wa kuandikia, na sikujua namlilia nani kati yao.

Walipoondoka nilifungua mlango. Uani palikuwa na ngozi iliyoloa na kuku wanadonoa maziwa. Nywele alikuwa amezikusanya zote, hakuacha hata moja.

Mchana ule sikufungua baraza. Nilichukua karatasi ya sura ya nywele, nikafikiri sana, na nikaona kuna njia. Wanazuoni wetu wakiandika neno walilolisikia humtaja aliyewaambia, ili msomaji mwenyewe apime. Basi nikaandika pembeni, kwa mwandiko ule ule mzuri: Amesema mama mkwe wangu, naye ni mtu wa kuaminika, kwamba walinyolewa na mama zao. Mke wangu alinitaka nimsomee. Akaenda kuwasha moto, akapika wali wa maziwa bila kuambiwa, akautia iliki nyingi mno.

Mwezi ulipoandama kijana alikwenda bomani. Yule askari wa mkasi alimgeuza kichwa huku na huku, akamwambia apite.

Alikuwa askari mzuri. Alipopewa ruhusa alikuja nyumbani na viatu vyake, akaketi, akala na sisi, akanisumbua nimwoneshe chungu cha nje. Siku moja alionja samaki. Dada yake alimfukuza uani na mwiko, yeye anacheka na mfupa mdomoni, mama yao nyuma ya ukuta anauliza kuna nini, na hakuna aliyethubutu kumweleza. Kucheka kwake kulikuwa kwingi kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyesimama mlangoni mwangu kimya miaka yote ile.

Hakurudi. Nasema mapema ili msomaji asingoje kama tulivyongoja sisi. Vita vya Wazungu vilipofika, kikosi chake kilipelekwa kusini, na mimi niliyewaandikia watu wote wa mji barua sikupata hata moja ya kuwasomea wangu. Mhindi akaacha kuletewa magazeti. Sikuandika tena habari za Japani. Mchele ulikatika, chumvi ikakatika, na mama mkwe aliendelea kuvuka Themi na kibuyu chake, akakaa mahali pake, nami mahali pangu. Hakuniuliza kama kuna habari. Angeuliza, ningelazimika kumjibu.

Vita vikiwa bado havijaisha na Wadachi wakiwa bado wamo bomani, wazee walitaja siku ya rika lile. Vijana walikusanyika, wale waliobaki, na mama zao wakapanda na wembe na maziwa. Mama mkwe naye alijifunga shanga zake zote akaenda. Mke wangu alimsindikiza kwa hofu, na aliyonihadithia ni haya. Wanawake walikaa mstari mmoja, kila mmoja na mwanawe mbele yake juu ya ngozi. Mama mkwe alikaa nao, mbele yake hapakuwa na mtu. Jirani yake hakuweza kuvumilia, akamwambia, pole mama, leo huna wa kumnyoa.

"Wangu nilishamnyoa," akasema. "Alilia mikononi mwangu, si mikononi mwa mtu mwingine. Lete huo wembe wako, ni butu, utamuumiza mtoto."

Akaupokea, akatafuta jiwe, akakaa pale akiwanolea wenzake nyembe zao mpaka wa mwisho aliponyolewa.